Saa Kumi na Mbili Kasorobo

Saa ya wasichana ilikuwa na kasoro hata kwa jina:
kumi na mbili kasorobo, alfajiri ya Jumamosi,
ukumbi wa barafu wa Sturrock,
nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
pumzi ikiganda kwenye kope.
Jioni zilikuwa za wavulana. Usiku, za baba zao.
Ganda la muwa la jana:
tukalitafuna, tukasema asante.

Mimi nilikuwa dereva tu.
Kilomita tisini kutoka Dolny, Jorie kalala kiti cha nyuma,
magongo yakigongana kila tulipovuka reli,
begi linanuka kama mbwa aliyelowa.
Kulia theluji, kushoto theluji,
na ghala la ngano limesimama peke yake
kama mtu aliyesahau alichofuata.

Dolny ilikuwa na wasichana watatu.
Sturrock wanne, mmoja bado anaota meno.
Wakrii wa ng'ambo ya mto walikuwa na watano
pamoja na golikipa, Shayna Wuttunee,
aliyejifunza ziwani, mbele ya kaka zake wanne,
bila kinyago, kwa ukaidi mtupu.
Hakuna mji uliotimiza timu.
Ndipo Lorna Hrycak, katibu wa chama cha michezo cha kanda,
kalamu nyuma ya sikio, kikohozi kisichopona,
akatandika ramani ya barabara juu ya boneti ya gari langu,
akaizungushia miji yetu wino mwekundu, duara moja,
akasema: Hii si miji mitatu. Hili ni benchi.

Mkutano ulikuwa chini ya kanisa la Kiukreni,
kahawa nyepesi, harufu ya kabichi.
Mtu akasema, wasichana wenyewe wachache.
Lorna akakohoa, akamjibu:
Mlango ukiwa umefungwa, umewahesabuje waliotaka kuingia?
Kimya. Kura nane kwa nane.
Tukamgeukia Walter, mwendesha mashine ya barafu,
ambaye hakuna aliyekumbuka kwamba ana kura.
Akavua kofia. Hakuhutubia haki wala usawa.
Miaka sita, alisema, naamka saa tisa usiku
kuwalainishia hawa watoto barafu.
Wapeni jioni. Nataka kulala.

Hivyo ndivyo tulivyoshinda:
kwa usingizi wa mzee mmoja.

Mechi ya kwanza tulifungwa kumi na moja bila.
Shayna alizuia arobaini na tatu,
akatoka na shingo yenye alama za bluu, akiuliza tunacheza lini tena.
Ya tano tulifunga goli. Kisahani kilimgonga Jorie pajani
akiwa anatazama kwingine, kikaingia.
Alilia kana kwamba amekilenga tangu azaliwe.

Kisha Lorna akanitilia karatasi mkononi:
Wanawake. Umri wowote. Wasiojua kitu.
Bado sita, ndipo chama kitupe barafu.
Nina miaka arobaini na sita, nikamwambia, na magoti ya mamangu.
Yalete yote mawili, akasema.

Jorie ndiye aliyepiga magoti sakafuni
akanifunga kamba za viatu, akivuta kwa meno yaliyokazana,
kama nilivyomvutia miaka yote ile.
Inabana? Inabana.
Basi ndivyo.
Nikaingia, nimeshika ukuta.
Nikauacha ukuta.
Dari la Sturrock, ukilitazama ukiwa chali,
lina mabati ishirini na mawili, na moja linavuja.

Siku hizi wasichana wana Jumanne,
saa kumi na mbili kamili, jioni.
Sisi mama zao tuna saa nne kasorobo usiku,
Walter ndani ya mashine yake akitupigia honi tutoke.
Kasoro haijafa, imehamia kwetu.
Robo hiyo bado tunaidai.
Lorna ameiandika.